Kwa nini nyuzi 8 za nchi ya joto huuma kuliko nyuzi 20 chini ya sifuri

Swali: "Ninaishi nchi ya joto. Majira ya baridi huku hushuka mpaka nyuzi 8, na usiku mmoja mmoja hufika 3. Dada yangu anaishi nchi ya theluji, na alipokuja kututembelea alitetemeka kuliko anavyotetemeka kwao, ambako juzi tu ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Watu huku husema baridi yetu ni kali kwa sababu ya unyevu. Ni kweli, au ni mazoea tu? Na kwa nini miji iliyo umbali uleule kutoka Ikweta haina baridi sawa? Tujiandae vipi?"

Jibu:

Dada yako hatii chumvi. Alichokihisi ni cha kweli, ila unyevu unasingiziwa zaidi ya unavyostahili. Mkosaji mkubwa ni nyumba. Lakini nianze na swali la miji, maana bila hilo hutaona kwa nini nyumba zenu zilijengwa zilivyojengwa.

Wengi hudhani majira ya baridi huja dunia inapokuwa mbali na jua. Mambo ni kinyume: mwanzoni mwa Januari, kaskazini ikiwa katikati ya baridi, ndipo dunia inapokuwa karibu zaidi na jua, kilomita milioni 147 hivi. Mwanzoni mwa Julai huwa kilomita milioni 152. Kinacholeta majira ni mhimili wa dunia, ulioinama digrii 23.4. Tarehe 21 au 22 Desemba, jua likiwa juu kabisa mchana, mtu aliye latitudo ya 60 kaskazini (latitudo ni kipimo cha umbali kutoka Ikweta, kwa digrii) huliona digrii 6.6 tu juu ya upeo wa macho. Aliye latitudo ya 30 huliona kwenye digrii 36.6, na aliye Ikweta kwenye digrii 66.6. Mwanga unaokuja kwa mshazari husambaa juu ya eneo kubwa, kwa hiyo mita moja ya mraba ya ardhi tambarare kule kwenye 60 hupata saa hiyo karibu moja ya nane ya inachopata mita ya mraba ya Ikweta. Hapo bado hatujatoa mwanga unaopotea njiani kwa kupita kwenye hewa nyingi zaidi. Mchana nao ni mfupi: saa 6 hivi kwenye 60, saa 10 na kidogo kwenye 30, saa 12 Ikweta.

Kwenye Ikweta, basi, hakuna majira ya baridi kwa maana hii. Kinachopunguza joto huko ni mwinuko, takriban nyuzi 6.5 kwa kila kilomita unayopanda, pamoja na mawingu na pepo. Tofauti kati ya mchana na usiku wa siku moja mara nyingi huwa kubwa kuliko tofauti kati ya mwezi wa baridi na mwezi wa joto.

Usishangae pia kwamba baridi kali haifiki siku jua linapokuwa chini kabisa. Baada ya Desemba 22 mchana huanza kurefuka, lakini ardhi huendelea kupoteza joto kuliko inalopokea. Ndani ya mabara kilele cha baridi huwa Januari. Pwani na visiwani kinaweza kuchelewa mpaka Februari, kwa sababu bahari hupoa polepole. Kusini mwa Ikweta yote haya husogea miezi sita.

Sasa ule umbali uleule kutoka Ikweta. Bergen, Norwei, iko latitudo ya 60. Yakutsk, Siberia, nchini Urusi, iko 62. Jua lao la Januari halitofautiani sana. Lakini wastani wa Januari Bergen uko nyuzi chache juu ya sifuri, na Yakutsk uko karibu 38 chini yake. Kinachowatenganisha ni maji. Kilo moja ya maji ikipoa kwa nyuzi 1 hutoa joto mara nne au tano ya linalotolewa na kilo moja ya udongo mkavu, tena bahari hujichanganya mpaka makumi ya mita kwenda chini, ilhali ardhini ni tabaka jembamba tu la juu linaloshiriki. Bergen hupigwa na pepo zinazotoka Atlantiki, na joto lililowekwa baharini kiangazi chote hulipwa majira ya baridi. Yakutsk iko mbali na bahari yenye joto. Hewa baridi ni nzito, hutuama mabondeni, mbingu huwa safi, na usiku mrefu hurusha joto la ardhi moja kwa moja angani. Theluji mpya nayo hurudisha juu asilimia 80 au zaidi ya ule mwanga kidogo unaofika. Huko huko Siberia, Verkhoyansk ilipimwa nyuzi 67.8 chini ya sifuri Februari 1892, na tarehe 20 Juni 2020 ikapimwa nyuzi 38 za joto. Mji mmoja, tofauti ya zaidi ya nyuzi 105. Bara lisilo na bahari karibu ndivyo lilivyo, halina kitu cha kulizuia upande wowote.

Milima nayo huamua. Houston, Marekani, na Delhi, India, ziko karibu latitudo moja, 29 hivi. Kaskazini mwa Delhi imesimama Himalaya, na hewa ya Siberia haipiti kirahisi. Kiwango cha chini kabisa kinachojulikana katika kituo chake cha Safdarjung ni nyuzi 0.6 chini ya sifuri, Januari 1935. Kati ya Houston na Aktiki, eneo la Ncha ya Kaskazini, hakuna mlima unaokatiza kutoka mashariki hadi magharibi, ni tambarare inayoteremka mpaka Ghuba ya Meksiko, na Februari 2021 hewa ya Aktiki iliteremka humo mpaka mji ukafika nyuzi 10 na zaidi chini ya sifuri. (Na kwa wanaoishi kando ya Bahari ya Hindi: upepo wa kaskazi, unaovuma Desemba mpaka Machi na uliosukuma majahazi kwa karne nyingi, hutokana na hewa nzito ya majira ya baridi ya Asia ikitafuta njia kuelekea kusini. Ukifika huko umekwisha kupata joto baharini, ndiyo maana hakuna anayeuhusisha na theluji.)

Jambo lingine linalowashangaza wageni: penye baridi kali zaidi sipo penye theluji nyingi zaidi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke. Kwenye sifuri hubeba gramu 5 kasoro, na kwenye 20 chini ya sifuri takriban gramu 1. Hewa ya Yakutsk haina maji ya kutosha kutengeneza theluji nyingi. Mji wa Aomori, Japani, wenye Januari inayochezea karibu na sifuri, huzikwa kila mwaka na theluji ya mita 5 na zaidi kwa jumla, kwa sababu hewa kavu ya Siberia huvuka bahari iliyo na joto, hunywa mvuke, kisha hupandishwa na milima na kuutua wote.

Hesabu hiyohiyo ya mvuke ndiyo inayojibu hoja ya unyevu. Hewa ya nyuzi 5 iliyoshiba maji kabisa hubeba gramu 6.8 kwa mita ya ujazo, na hewa yenyewe ina uzito wa gramu 1,270 hivi. Maji, basi, ni nusu ya asilimia moja tu. Kiasi hicho hakiwezi kubadilisha sana kasi ya hewa kuchukua joto la ngozi. Unyevu hukudhuru kwa njia za kuzunguka: nguo na matandiko hayakauki sawasawa, na kitambaa chenye maji hupitisha joto haraka kuliko kikavu, kuta zikilowa hupoa na kuota ukungu, mawingu hufunika jua ambalo lingekupasha moto. Siku ya nyuzi 10 chini ya sifuri iliyotulia, yenye jua na theluji inayoakisi mwanga usoni, mtu aliyevaa vizuri huweza kutembea saa nzima akafungua zipu. Siku ya nyuzi 5 yenye manyunyu na upepo haina huruma hiyo.

Upepo tunaweza kuupima. Marekani na Kanada tangu 2001 hutumia kanuni moja ya kukadiria baridi inayohisiwa na uso ulio wazi. Nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 30 kwa saa huhisiwa kama 20 chini ya sifuri hewa ikiwa imetulia. Nyuzi 5 juu ya sifuri na upepo huohuo huhisiwa kama sifuri. Lakini hiyo ni habari ya ngozi hai. Bomba au gari hupoa haraka zaidi kwenye upepo, ila halishuki chini ya joto halisi la hewa, kwa hiyo kwenye nyuzi 5 maji ya bombani hayagandi kwa sababu ya upepo hata uvume vipi.

Tuingie ndani sasa. Nyumba ya nchi ya joto hujengwa ili itoe joto: kuta za tofali tupu, kioo kimoja, matundu ya hewa juu ya madirisha, dari ndefu, sakafu ya saruji au vigae. Nyumba ya nchi ya baridi hujengwa ili ilizuie. Chukua dirisha moja la mita 2 za mraba, ndani nyuzi 20, nje nyuzi 5. Kioo kimoja hupitisha wati 5.5 hivi kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi 1 ya tofauti, yaani dirisha hilo humwaga nje wati 165. Dirisha zuri la vioo vitatu hupitisha wati 0.8, yaani wati 24. Mtu aliyekaa tu hutoa wati 100 hivi za joto. Kwa hiyo kwa madirisha ya dada yako, nje ikiwa nyuzi 5 hizohizo, mtu mmoja anatosha kufidia manne. Kwako dirisha moja linamshinda.

Tena kuna kuta. Mwili hupoteza joto kwa kulirusha kuelekea vitu baridi vilivyouzunguka, hata kama havigusi. Kwa makadirio ya kawaida, unachokihisi chumbani kisicho na upepo ni wastani wa joto la hewa na joto la kuta, sakafu na dari. Ukiwasha hita mpaka hewa ifike 20 huku kuta zikiwa 10, unahisi 15, na unaanza kuilaumu hita.

Huko kwao dada yako hushinda kwenye nyuzi 20 au 21 karibu siku nzima, akitoka nje kwa dakika chache akiwa amejifunga. Kwako alikaa, akala na akalala kwenye nyuzi 12. Mazoea ya mwili yapo, mtu akikaa kwenye baridi wiki kadhaa kutetemeka kwake hupungua, lakini watu wa nchi za theluji hawana ngozi ya ajabu. Wana nyumba. Takwimu za vifo zinaonyesha jambo hilohilo kwa ukali zaidi: barani Ulaya, ongezeko la vifo majira ya baridi limeonekana kuwa kubwa zaidi Ureno na Hispania kuliko Ufini na Uswidi. Mishipa ya damu hujibana, shinikizo la damu hupanda, mapafu hushambuliwa, siku baada ya siku, bila mtu yeyote kuganda. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2018 lilipendekeza nyuzi 18 ndani ya nyumba kama kiwango cha chini kilicho salama kwa walio wengi katika nchi za baridi na za wastani, na zaidi kidogo kwa wazee, watoto na wagonjwa.

Kwa hiyo, kwako, usijaribu kupasha moto nyumba nzima. Chagua chumba kimoja kidogo, cha upande unaopata jua la mchana, na muhamie humo jioni. Fungua mapazia jua likiwa juu, yafunge kabla halijazama. Pazia liwe zito na lifike sakafuni, maana hewa iliyopoa kwenye kioo huteremka na kutokea chini yake. Tandika mkeka au zulia, na weka kitu kinene chini ya godoro kama linakaa sakafuni. Baridi ya chini hukupata kuliko ya juu, kwa kuwa uzito wako hubana godoro na kutoa hewa inayokukinga. Kama una hita ndogo, ya kumulika joto moja kwa moja mwilini hukufaa kuliko ya kupuliza hewa, kwa sababu ya zile kuta. Iwekwe mita 1 au zaidi kutoka kwenye pazia na matandiko, na isiunganishwe kwenye waya wa kurefushia ulio mwembamba. Usianike nguo mbichi chumbani unamolala, na pitisha hewa safi dakika 10 mchana hata kama inakera, la sivyo mvuke wa pumzi utaishia ukutani.

Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni marufuku kabisa. Watu husubiri mkaa ukolee, moshi uishe, kisha huliingiza wakidhani hatari imetoka na moshi. Mkaa uliokolea hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma na usingizi mzito, na aliyelala hazioni. Jenereta nayo ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba, moshi wake ukielekea mbali na madirisha.

Kama una bustani, sikiliza mbingu kuliko kipimajoto. Vituo vya hali ya hewa hupima kwenye kivuli, mita 1.25 mpaka 2 kutoka ardhini. Usiku usio na mawingu wala upepo, kipimajoto kikisoma 3, majani ya chini yanaweza kuwa chini ya sifuri na sakitu, ile barafu nyembamba ya juu ya majani, ikatanda. Mwagilia udongo mchana, kwa kuwa udongo wenye maji hushika joto zaidi kuliko mkavu. Funika mimea kabla jua halijazama, kwa kitambaa kinachofika ardhini pande zote. Anayefunga kitambaa shinani kama mwavuli huzuia joto la udongo lisiingie, na ndilo alilokuwa akilitafuta. Plastiki isiguse majani. Asubuhi funua.

Ukienda kwa dada yako, kanuni zinabadilika. Ndani hewa huwa kavu mno: hewa ya 20 chini ya sifuri ikiingizwa na kupashwa mpaka 20 hubaki na unyevu wa asilimia 5 hivi kabla ya watu na vyombo kuongeza wao. Ndiyo maana midomo hupasuka na pua hutoa damu. Nje vaa tabaka tatu zilizolegea: la ndani la sufu au kitambaa cha michezo kinachonyonya jasho, la kati nene lenye hewa, la nje la kuzuia upepo. Pamba isiguse ngozi. Ikilowa jasho hukaa mbichi. Viatu vikibana, ongeza saizi badala ya kuongeza soksi. Baridi inayohisiwa ikifika 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 mpaka 30. Huanzia masikioni, puani na vidoleni, na sehemu ikigeuka nyeupe na kufa ganzi usiisugue. Ingia ndani, itie kwenye maji ya uvuguvugu. Mtu anayetetemeka kisha akaacha kutetemeka huku akianza kuongea kilevi anahitaji msaada wa haraka, joto la ndani ya mwili wake limeshuka chini ya 35.

Barabara mbaya kuliko zote, hata hivyo, hazipo kwenye 20 chini ya sifuri. Zipo karibu na sifuri. Barafu ya baridi kali ni kavu kiasi. Barafu iliyo karibu kuyeyuka huwa na utando wa maji juu yake, na hapo tairi na soli hazishiki kitu. Chumvi ya kawaida huyeyusha barafu vizuri mpaka nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, baada ya hapo hufanya kazi polepole mno na watu hugeukia kloridi ya kalsiamu au mchanga. Kibaya zaidi ni mvua inayoganda: juu kuna tabaka la hewa ya joto linaloyeyusha theluji kuwa mvua, chini karibu na ardhi kuna hewa iliyo chini ya sifuri, na tone huganda palepale linapogusa waya au tawi. Januari 1998 mvua ya aina hiyo ilizunguka siku kadhaa mashariki mwa Kanada, ikaangusha nguzo za umeme na kuwaacha mamilioni gizani.

Jambo la mwisho linahusu usiku ule wa nadra ambapo nchi ya joto hushuka chini ya sifuri kwelikweli. Texas, jimbo lenye ule mji wa Houston, Februari 2021 ndiyo mfano: vifaa vya gesi na mitambo ya umeme visivyokingwa viliganda, mamilioni wakakosa umeme, na zaidi ya watu 200 wakafa. Ndani ya nyumba, mabomba yalipasuka kwa sababu yalipita darini na kwenye kuta za nje, mahali ambapo mjenzi wa nchi ya baridi hawezi kuyapitisha. Bomba lisilokingwa huwa hatarini hewa ikifika 6 au 7 chini ya sifuri kwa saa kadhaa. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9, lakini bomba mara nyingi halipasuki pale penye barafu. Barafu husukuma maji yaliyobaki kuelekea bomba la kufungulia lililofungwa, shinikizo hupanda humo, na sehemu dhaifu huachia. Ndiyo maana kuacha maji yakidondoka kama uzi mwembamba kwenye bomba lililo mbali zaidi na valvu kuu husaidia: maji yanayosukumwa yana pa kutokea. Fungua pia milango ya kabati lililo chini ya sinki ili hewa ya chumbani ifike. Kama mnaondoka, funga valvu kuu na mfungue mabomba yote yamwagike.

Bomba likishaganda, fungua bomba la kufungulia kwanza, halafu pasha moto kuanzia upande huo ukirudi nyuma kuelekea kwenye barafu, kwa kikausha nywele au kitambaa kilicholowekwa maji moto. Ukianzia katikati, maji yaliyoyeyuka na mvuke hukosa njia na hupasua kile ulichokuwa unakiokoa. Moto wa wazi usitumike. Na kwa kuwa ufa huonekana tu barafu ikishatoka, rudisha maji kwa kufungua valvu kuu robo, mtu mmoja akiwa amesimama kando yake tayari kuifunga na mwingine akizunguka vyumba vyote akisikiliza darini.